Juu ya Uchovu wa Wazee



Lipo jawabu moja ambalo mzee wa pwani hulipata kila anaposhitakia uchovu wake, awe amemshitakia mwanawe, jirani, au hata tabibu mwenye haraka, nalo ni kwamba huo ni uzee tu. Na jawabu hilo, ijapokuwa hutolewa kwa upole, ndilo nililokuja kulipinga, kwani hukata maulizo pale hasa ambapo kuuliza kungefaa.

Sisemi kwamba umri hauna athari. Misuli hupungua na usingizi huwa mwepesi, na mwenye miaka 70 anayekanusha hayo anajidanganya nafsi yake. Lakini kupungukiwa nguvu polepole, mwaka baada ya mwaka, ni jambo moja, na kuamka kila asubuhi mwili umelegea kana kwamba mtu hakulala ni jambo jingine, ambalo aghalabu lina sababu, na sababu hiyo hutafutika.

Chukueni upungufu wa damu, ambao hukadiriwa kuwa upo pale hemoglobini inaposhuka chini ya gramu 13 kwa desilita moja kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke. Bibi anaumwa na magoti. Analetewa diklofenaki kutoka duka la dawa, anazimeza miezi na miezi kwa kuwa zinamfaa, ilhali ndani ya tumbo kidonda kinavuja damu kidogo kidogo bila maumivu, mpaka choo kinakuwa cheusi kama lami, naye kwa haya hamwambii mtu. Juu ya hayo, kila baada ya kula maharage na mchicha wake hunywa chai ya rangi iliyokolea, na chai hiyo huzuia madini ya chuma ya chakula yasiingie mwilini, hali angeweza kuichelewesha saa moja au mbili akaifaidi vilevile. Watu wa nyumbani wanaona tu kwamba siku hizi bibi hamalizi kukuna nazi moja.

Dawa nazo zina sehemu kubwa kuliko tunavyodhani. Vidonge vya zamani vya mafua huleta usingizi wa mchana. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mwendo wa moyo. Za kukojoza, zikimezwa jioni, humwamsha mtu usiku kucha. Na metfomini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, yaweza kupunguza vitamini B12. Asiache mtu dawa kwa shauri langu. Azitie zote mfukoni, pamoja na mitishamba na zile alizopewa na jirani, akazimwage juu ya meza ya tabibu zihesabiwe. Na yupo aliyefiwa na mwenzake, ambaye uchovu wake ni ghamu; huyo naye ahitaji kusikilizwa kabla ya kuandikiwa vidonge.

Kosa letu la pili, baada ya lile jawabu la uzee tu, hutokana na mapenzi: tunamwambia mzee alale apumzike. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa habari za wazee wenye siha waliokaa kitandani siku 10, ambao kwa muda huo mfupi walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguu. Afadhali sokoni aende asubuhi angali na nguvu, apumzike adhuhuri kwa muda mfupi, na ainuke kitini mara kadhaa kwa siku bila kujishika. Na kazi za kukaa, kama ile ya kukuna nazi kwa mbuzi, asinyang'anywe kwa kisingizio cha heshima.

Neno moja kwa vijana mtakaowapeleka wazee wenu hospitali. Desturi yetu ni kwamba mwana ndiye asemaye na mzee hunyamaza. Mwacheni aseme mwenyewe kwanza: uchovu ulianza lini, huzidi saa ngapi, na ni kazi gani aliyoiacha kwa sababu yake, nanyi mtajaliza baadaye, hasa habari za vile vidonge vya magoti.