Wakuja Ndani ya Nchi Yao: Ubaguzi wa Kimajimbo Nchini India



Nimeombwa nizungumzie namna raia wa India wanavyobaguana wao kwa wao kwa sababu ya sehemu wanazotoka. Matabaka ya kuzaliwa na dini yameshaandikiwa vitabu vya kujaza maktaba, kwa hiyo leo nayaweka kando, ingawa najua hayawekeki kando kabisa. Hoja yangu ni moja. Sifa mbaya anayobandikwa mtu kwa ajili ya jimbo lake haisemi lolote kuhusu tabia yake. Inasema alikuja kutafuta nini pale alipo: kazi, chumba cha kupanga, nafasi ya chuo. Anayetaka ushahidi na atazame Mumbai.

Jiji hilo, enzi hizo likiitwa Bombay, liliingizwa katika jimbo jipya la Maharashtra tarehe 1 Mei 1960, baada ya mapambano yaliyogharimu maisha ya watu. Wasemaji wa Kimarathi walishangilia, kisha wakaangaza macho huku na huku. Mitaji mikubwa ilikuwa mikononi mwa Wagujarati na Waparsi. Maofisini, makarani na wapiga chapa waliojua Kiingereza wengi walikuwa watu wa kusini. Wenyeji wenyewe hawakufika hata nusu ya wakazi. Mwaka huohuo mchora katuni aitwaye Bal Thackeray alianzisha jarida la Marmik, na humo akawa anachapa orodha za majina ya maofisa wa kampuni za jijini, ili msomaji ajihesabie mwenyewe wangapi ni wa nyumbani na wangapi ni wa kuja. Hazikuhitaji maelezo marefu. Kijana aliyehangaika na barua za maombi ya kazi mwaka mzima akisoma orodha ya namna ile, hoja anaimalizia mwenyewe.

Juni 1966 orodha zikazaa chama, Shiv Sena. Mtu yeyote wa kusini akawa "Madrasi", awe ametoka Kerala, Karnataka au Andhra, majimbo ambayo kila moja lina lugha yake na hata maandishi yake. Walichekwa kwa sababu ya lungi, vazi ambalo mtu wa pwani yetu akiliona atasema ni msuli tu. Walisemwa kwamba wanaitana kazini kindugu, hawachanganyiki na watu, wanadharau lugha ya wenyeji. Migahawa ya Udupi, ile inayouza idli na dosa, ikashambuliwa.

Sasa turuke miaka arobaini na ushee. Mwaka 2006 Raj Thackeray, mtoto wa mdogo wake Bal, alijitenga na kuanzisha chama chake. Februari 2008 wafuasi wake waliwapiga madereva wa teksi na wachuuzi waliotoka Uttar Pradesh na Bihar, majimbo ya kaskazini. Oktoba ya mwaka huo ikawa zamu ya vijana waliosafiri kutoka kaskazini kuja kufanya mtihani wa ajira za reli. Walifuatwa hadi kwenye vituo vya mtihani, wakapigwa. Sikilizeni tuhuma zilizotolewa: wanatunyang'anya kazi, wanabebana, wamejaza jiji, hawataki kujifunza Kimarathi. Ni zilezile za 1966, kasoro jina la mshtakiwa. Kama kweli sifa hizi zingekuwa zinatoka ndani ya damu ya Mtamil wa kusini, zilihamiaje kwa Mbihari asiyejua neno moja la Kitamil?

Nisieleweke vibaya. Malalamiko ya vijana wa Kimarathi hayakuwa ya kubuni. Kuona jiji lako lina kazi ila wewe huna ni jambo la kuuma, na chama kilichowasikiliza kilipata kura kihalali. Tatizo ni kwamba hasira ilielekezwa kwa karani na dereva wa teksi. Mwenye kiwanda hakuguswa.

Mzunguko huo haujakoma. Leo viwanda na majengo ya Tamil Nadu yanategemea sana vibarua kutoka Bihar. Machi 2023 zilisambaa video zilizodai kwamba Wabihari wanauawa huko. Serikali ya Bihar ikatuma ujumbe kwenda kuchunguza, ikabainika ni uzushi. Lakini uzushi huo ulikuta masikio tayari: mjukuu wa yule "Madrasi" wa 1966 sasa ndiye mwenyeji, na mgeni wake ni yuleyule aliyepigwa Mumbai mwaka 2008.

Bihar yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Jijini Delhi, "Bihari" ni tusi, na hutupiwa hata mtu ambaye hajawahi kuikanyaga Bihar, almradi nguo zake zina vumbi la mjengo. Bihar hiyo ndiyo iliyokuwa na Pataliputra, makao ya mfalme Ashoka. Hapo ndipo kilipokuwa chuo cha Nalanda. Rais wa kwanza wa India, Rajendra Prasad, alitoka huko. Umaskini wake una historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa Delhi. Kuanzia 1952 serikali kuu ilifidia gharama za kusafirisha makaa ya mawe na chuma ili bei zilingane nchi nzima. Bihar, wakati huo ikiwa bado na maeneo ya migodi ambayo mwaka 2000 yalikatwa kuwa jimbo la Jharkhand, ilikuwa imekalia hazina ya madini hayo. Lakini mwenye mtaji angejenga kiwanda kando ya mgodi kwa faida gani, ikiwa chuma kinamfikia Bombay kwa bei ileile, na bandari iko mlangoni? Sera hiyo ilidumu hadi 1993. Miaka arobaini madini yalisafiri, na vijana wakayafuata. Walipofika waliambiwa watu wa kwao ni wavivu wasioweza kuendeleza jimbo lao.

Kubandika watu sifa kwa manufaa ya mwenye nguvu ni kazi waliyoifanya pia Waingereza, tena kwa mihuri ya serikali. Kabla ya 1857 askari wengi wa jeshi la Bengal waliandikishwa kutoka Awadh na Bihar. Walipoasi mwaka huo, uandikishaji ukahamishiwa Punjab na kwa Magurkha, na ikatungwa nadharia nzima ya "makabila ya kivita". Waliosifiwa jana kwa ushujaa wakagundulika ghafla kuwa si watu wa kushika bunduki. Wabengali, waliokuwa wamesoma na kuanza kudai haki, wakaelezwa kuwa ni legelege. Wazee wetu waliopitia KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu, watalitambua somo hilo. Lilivuka bahari likawafikia Wakamba. Na Masingasinga, waliotukuzwa kwa upanga, leo ndio wahusika wakuu wa vichekesho vya ujinga nchini kwao. Vichekesho hivyo vilifikishwa hadi Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwaka 2017 ilisema haiwezi kuwatungia raia miiko ya maadili.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewaambia nusu tu. Wako raia ambao hoja yangu ya kazi na chumba inawagusa, lakini haiwamalizi, nao ni watu wa kaskazini-mashariki. Majimbo manane, takriban watu milioni 45 kwa sensa ya 2011, yameunganishwa na India iliyobaki kwa ukanda ambao mahali pembamba zaidi una upana wa kilomita 22 hivi. Mwaka 1873 Waingereza walipiga mstari wa mpaka wa ndani ambao mtu hakuruhusiwa kuuvuka bila kibali, na utaratibu huo unaendelea katika baadhi ya majimbo hayo. Watoto wengi wa India walimaliza shule bila kusoma ukurasa mmoja wa maana juu ya Nagaland au Mizoram. Kwa hiyo msichana wa Manipur anapofika Delhi na kuulizwa na muuza mboga kama ni Mchina au Mnepali, anakuwa mgeni katika makao makuu ya nchi yake.

Chumba cha kupanga kinaeleza mengi. Mwenye nyumba huuliza kwanza utapika nini. Watu wa Nagaland wana kiungo kinachoitwa akhuni, soya iliyochachushwa, chenye harufu kali kama dagaa waliokolea jua. Kwa mlaji wake, harufu hiyo ni nyumbani kwa mama. Kwa jirani wa Delhi ni sababu ya kugonga mlango. Mwaka 2007 polisi wa Delhi walitoa kijitabu cha ushauri kwa wanafunzi wa kaskazini-mashariki, na kati ya mambo waliyoonywa ni mavazi ya wasichana, na kupika akhuni na vyakula vingine vyenye harufu kwa namna isiyozua rabsha mtaani. Kijitabu kilitoka kwa nia ya kuwalinda. Ila yaangalieni maelekezo yalielekea kwa nani: anayebaguliwa ndiye aliyepewa masharti ya kuishi vizuri na anayembagua.

Januari 2014, katika soko la Lajpat Nagar hukohuko Delhi, mwanafunzi kutoka Arunachal Pradesh alidhihakiwa kwa ajili ya nywele zake. Akapandwa na hasira, akavunja kioo cha duka. Akapigwa, na kesho yake akafariki. Arunachal Pradesh ni jimbo ambalo China inalidai kuwa lake, na kila serikali ya India imeapa kwamba ni sehemu isiyotengeka ya nchi. Ardhi inalindwa kwa majeshi. Mwenye ardhi akishuka mjini anaitwa Mchina. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wa kaskazini-mashariki waliitwa kwa jina la ugonjwa wenyewe barabarani, hadi Wizara ya Mambo ya Ndani ikalazimika kuyaandikia majimbo na kuyaonya.

Hofu inayojengeka hivyo inaweza kulipuka kwa uvumi tu. Agosti 2012, baada ya mapigano ya Assam, ulienea ujumbe wa simu kwamba watu wa kaskazini-mashariki watashambuliwa Bengaluru. Maelfu kwa maelfu, wakiwemo wahudumu wa hoteli, walinzi na wanafunzi, walifurika kituo cha reli kugombea treni za kwenda Guwahati huko Assam, safari ya zaidi ya siku mbili. Serikali ikaweka ukomo wa ujumbe mfupi: mtu mmoja, jumbe tano kwa mkupuo. Walioishi mjini humo kwa miaka hawakuwa na jirani mmoja wa kumwamini zaidi ya simu.

Ni Bengaluru hiyohiyo ambako, usiku wa tarehe 31 Januari 2016, gari lililoendeshwa na Msudani lilimgonga na kumuua mwanamke mmoja. Mwanafunzi wa Kitanzania, aliyepita hapo baadaye na wenzake na asiyehusika kabisa, alitolewa garini na kundi la watu, akapigwa, gari likachomwa moto. Mwafrika mmoja alilipia wa pili, kama ambavyo "Madrasi" mmoja alilipia majimbo manne. Nawaomba vijana mnaoondoka kwenda masomoni India msikae mkidhani ubaguzi utakaowakuta ulitengenezwa kwa ajili yenu peke yenu. Na kabla hatujaondoka na hasira, tujiulize ni wangapi humu tunaowatofautisha Mkachi, Mgoa, Mpunjabi na Bohora wa mitaa yetu ya Kisutu na Upanga.

Je, sheria zinasemaje? Katiba ya India inampa kila raia haki ya kutembea na kuishi popote nchini, na inakataza kumbagua kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Hata hivyo Haryana ilipitisha sheria iliyotaka asilimia 75 ya ajira za kampuni binafsi za mishahara isiyozidi rupia 30,000 zitengewe wazawa. Mahakama Kuu ikaifuta Novemba 2023. Karnataka ilitaka kuifuata Julai 2024, ikasitisha waajiri walipopiga kelele. Wenzangu wengine hupendekeza semina za kujuana na matamasha ya vyakula. Mimi sina imani kubwa na matamasha. Watu wa Mumbai waliijua dosa siku nyingi kabla ya kuvunja migahawa yake. Ningeanza na mkataba wa pango na tangazo la kazi.

Baada ya kifo cha Lajpat Nagar, serikali iliunda kamati ya Bezbaruah, ambayo mwaka huohuo wa 2014 ilipendekeza makosa mapya yaongezwe kwenye sheria ya jinai ili matusi na mashambulizi ya kibaguzi ya namna hii yaadhibiwe. Mapendekezo hayo hayakutungiwa sheria. Tarehe 1 Julai 2024 India ilianza kutumia sheria mpya ya jinai. Humo, watu watano au zaidi wakimuua mtu kwa sababu ya mahali alipozaliwa au lugha yake, adhabu ni kifo au kifungo cha maisha. Mwenye nyumba anayemnyima mtu chumba kwa sababu hizohizo hajatajwa.