Namba Zikipotea Juani

Mvuvi wa kamba pale Nyamisati, wilayani Kibiti, akipimiwa kwa mizani ya betri jua la saa saba, kioo chake chaweza kugeuka cheusi chote. Hapo mnunuzi mjanja husema: "Basi tukadirie." Asikubali!

Ndani ya kioo kile mna kimiminika cha ajabu. Hutiririka kama mafuta, lakini chembe zake hujipanga kama za fuwele. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, aliona dutu itokanayo na kolesteroli ikiyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Sentigredi na kuwa kama maji ya ukungu, ilipofika 178.5 ikatakata.

Katika mizani, chembe hizo zimejisokota baina ya vioo viwili, zikiuzungusha mwanga hadi upenye utando wa pili. Umeme ukizinyoosha, mwanga hukwama. Ndiyo namba nyeusi tunayoisoma. Joto likizidi, mpangilio wote huvurugika, na mwanga haupenyi popote.

Kwa hiyo mizani haijafa. Iwekwe kivulini ipoe, na mara nyingi namba hurudi. Kisha kamba wapimwe upya, mwenye mali akitazama. Ikiwa imeingia maji ya chumvi, hiyo ni kazi ya fundi.