Mtaa wa Biashara, Mombasa

Kila zitajwapo habari za maduka makubwa ya Nyali na za bidhaa ziagizwazo kwa simu hadi mlangoni, fikra zetu huelekea Mtaa wa Biashara wa Mombasa, ambako leso za Mali ya Abdulla, za nyumba ya biashara iliyoasisiwa mwaka 1887, zingali zikiuzwa. Huko mama huikunjua doti, akalisoma jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kwa sauti, akalirudia kwa kuchelea lisije likamuudhi wifi atakayetunukiwa, kisha akaipeleka kwa fundi barazani, naye fundi, huku akiikata na kuipinda, humuuliza hali ya mgonjwa aliye nyumbani. Ni kweli kwamba kuagiza kwa simu ni sahali, na pengine ni rahisi zaidi kwa bei, lakini duka lifungwapo fundi naye hukosa baraza, na mgeni wa Lamu aliyezoea kuacha mzigo wake hapo hadi alasiri hana tena wa kumwekea amana. Kwa rai yetu, serikali ya kaunti ianze na mafundi hao: iwahakikishie mabaraza kwa ada ndogo, izibue mitaro kabla ya masika, na iwasihi wenye majengo wasipandishe kodi ghafla, maadamu Ramadhani ikaribiapo kwisha wateja wangali wakimiminika.