Khutba ya Ijumaa: Haki ya Bonde Litoalo Maji

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mtusikilizao majumbani, twaanza na hukumu moja. Zubeir bin Awwam na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya mifereji ya Harra, huko Madina, yaliyokuwa yakinywesha mitende yao. Zubeir alikuwa upande wa juu. Mtume (S.A.W.) akamwamuru anyweshe mitende yake, kisha ayaache maji yamfikie jirani. Hakumnyima aliye juu, wala hakumruhusu kuyazuia daima.

Mfereji ule ulikuwa mmoja, na majirani wale walijuana kwa sura. Siku hizi maji hutolewa bonde hili yakapelekwa bonde jingine kabisa, na jirani wa chini hatumwoni.

Sisi wa Mkotokuyana hatuna sababu ya kulibeza bomba. Mji wetu wa Nachingwea hupata maji ya Mbwinji, wilayani Masasi. Mbali zaidi, maji ya Ziwa Viktoria huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakafika Shinyanga, Kahama na hata Tabora, ambako maji ya mvua hushuka kuelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Hiyo ni neema, na asemaye vinginevyo hajapata kubeba ndoo mwezi wa Oktoba.

Lakini maji hayasafiri peke yake. Mwaka 1975, nchini Afrika Kusini, lilifunguliwa handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, likitoa maji mto Orange na kuyamwaga upande wa mto Great Fish. Mto huu wa pili ulizoea kukauka kiangazi. Sasa ukawa watiririka mwaka mzima. Samaki wa Orange wakapita handakini, wakazaliana mahali ambapo hawakuwapo kamwe. Usubi, ambao ukame ulikuwa ukiwapunguza, nao wakaongezeka hata wakawa adha kubwa kwa mifugo. Wahandisi walikusudia kupeleka maji tu.

Maji yaliyosafishwa na kupitishwa katika bomba lililofungwa hayachukui samaki wala usubi, kwa hiyo mabomba yetu yametuepusha na balaa hilo. Lililobaki ni bonde lile lililochotwa. Nairobi hunywa maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika mto Thika, tawi la Tana. Yakishatumika humwagika upande wa mto Athi. Tana haiyaoni tena. Ndiyo tofauti ya kuchota na kuhamisha: achotaye bondeni mwake, sehemu ya maji humrudia mto.

Mto ukipunguzwa kiangazi, madimbwi hupata joto na samaki hukosa hewa. Visima vya kandokando hushuka, na mboga za bondeni hunyauka. Mlangoni mwa mto, maji ya chumvi hupanda juu, na mikoko hukosa udongo mpya. Lukuledi nao una mlango wake, huko Lindi. Bahari ya Aral ilikwisha kupungua hivyohivyo tangu miaka ya 1960, mito yake ilipogeuziwa mashamba ya pamba. Mmojawapo ni ule ambao Waarabu waliuita Jaihun. Meli zilibaki mchangani.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 nchini mwetu yataka kitengwe kwanza kiasi cha mahitaji ya lazima ya binadamu na cha kuhifadhi viumbe vya majini. Twaiona iko karibu sana na ile hukumu ya Harra.

Basi, ndugu zetu, wataalamu wajapo kueleza mradi wowote, tuwaulize mto ulipimwa mwezi gani, kwani kipimo cha Machi hakitoi habari ya Oktoba. Tuulize pia ni akina nani waishio chini ya chanzo, na kama nao waliitwa mkutanoni.

Tunyooshe safu, tusimame kwa Sala.