Tipoyi haitoshi

Huku Buleusa ambilansi yetu ni tipoyi na mabega ya vijana. Mabega hayajui kuzuia damu. Ukitaka uuguzi wa A2, unamaliza darasa ya 8, halafu miaka 4 ya ITM. A1 inaomba kwanza Diplome d'État, ndipo unaenda ISTM, kama ile ya Goma. Pesa hiyo mukulima ataitoa wapi? Na diplome peke yake, sisi tunaijua, haileti kazi.

Hatuombi kila kijana awe muuguzi. Tunaomba zone ya afya na Msalaba Mwekundu wafundishe huduma ya kwanza hapa hapa kijijini, bila kulipisha. Wabebaji wa tipoyi waandikwe wa kwanza.