Tuulize Maziwa ya Mama Yake
Mazungumzo na vikundi vya wafugaji



Wapendwa akina mama na akina baba, tunajua mmechanga pesa za kununua fahali wa kikundi. Kabla pesa hazijatoka, tuzungumze kidogo.

Tukifika sokoni sisi sote hutazama nini? Nundu, shingo, mgongo mpana. Si vibaya, tunafuga ng'ombe wa nyama. Lakini ndama hanenepi kwa nundu ya baba yake. Miezi ya kwanza hunenepa kwa maziwa ya mama yake, na maziwa hayo hayo ndiyo tunayokama kwa chai na uji. Yakiwa kidogo, ndama na watoto wetu wanagombania kikombe kimoja.

Fahali hana kiwele, ni kweli. Lakini nusu ya urithi wa kila mtamba wake hutoka kwake. Tuliwahi kutembelea kikundi kilichonunua fahali mkubwa ajabu. Ndama wake walikuwa wazuri, watu wakafurahi. Miaka kama mitano baadaye mabinti zake wakazaa, kumbe maziwa hakuna! Ndama wao wakabaki mbavu tupu. Na wakati huo fahali alikuwa ameshapanda ng'ombe wa maboma yote.

Basi tununue mahali ambapo mama yake yupo, tumwone kwa macho. Tuulize:

1. Kiwele kimeshikamana vizuri? Chuchu si nene mno hata ndama ashindwe kunyonya?
2. Anazaa mara kwa mara bila kuruka miaka?
3. Ndama wake huachishwa wakiwa na mwili mzuri?
4. Kama fahali ana mabinti waliozaa, wananyonyesha vipi? Huo ndio ushahidi mkubwa.

Lakini maziwa yasizidi nyasi zetu. Sahiwal, ambaye asili yake ni Pakistan, ana maziwa kuliko Boran. Ila mwenye maziwa mengi hudai chakula kingi. Kiangazi kikikaza, anakonda, haingii joto, na mwaka unapita bila ndama. Penye nyasi haba, Boran wa mama mzuri anatosha.

Tukumbuke pia kubadilishana fahali na kikundi kingine kabla hajapanda mabinti zake.

Neno la mwisho. Kamati ya kununua isiwe ya wanaume peke yao. Akina mama ndio wanaokama. Kiwele kizuri wanakijua.