Madaftari Matupu kwa Vijana wa Stendi
(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Iguguno)



Taarifa ya fedha mtaisikia kwa mhasibu baada ya chai. Mimi napenda kumzungumzia msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Aldin Mutembei. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wataalamu wengine walihesabu wagonjwa. Yeye alikusanya mashairi. Kitabu chake cha mwaka 2001, kilichotokana na masomo ya uzamivu huko Leiden, Uholanzi, kinafuatilia mafumbo ya UKIMWI katika fasihi simulizi ya Wahaya. Mwaka 2002, pamoja na watafiti wa afya ya jamii, alichapisha makala kuhusu lugha ya UKIMWI katika sehemu za mijini za Kagera.

Mwanzoni watu kule waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Fikirini: asiye na Juliana mwilini angejiona salama! Jina moja lilibeba elimu nzima ya afya, tena potofu.

Nasema haya kwa sababu semina yetu hapa Iguguno ilishindwa, na aliyeiandaa ni mimi. Nusu siku nilieleza "maambukizi" na "kinga". Vijana wa stendi waliitikia kwa heshima. Wakati wa chai ndipo nikawasikia wakisema fulani "amekanyaga miwaya". Ndugu zangu, aliyekanyaga waya wa umeme amekwisha kufa. Kwa nini basi ahangaike kufuata dawa, hata kama ni za bure? Fumbo hilo linamzika mtu angali hai, na vipeperushi vyangu havikuligusa.

Tukarudi na madaftari matupu. Vijana wakaandika mashairi yao, mengine makali. Wazee wawili walitoka nje. Siwalaumu, hata mimi niliinamisha kichwa. Lakini kijana mmoja alimwingiza fundi umeme katika shairi lake, na fundi huyo alikuwa muuguzi wa zahanati. Mimi nisingeliwaza hilo.

Bajeti ya robo ijayo ina fungu dogo la madaftari na nauli. Baadhi ya kamati zimependekeza lifutwe, tuchapishe vipeperushi zaidi. Naomba libaki. Kila usharika ulete vijana wanne, wakiwemo wa stendi na wa mnadani, si wanakwaya peke yao.